Feni Inalia, Upepo Hautoki

"Kazi ya mkono huu hairudiwi! Nikishafunga mimi, hata shetani akija kufungua atakuta pamefungwa sawasawa, atashukuru, aondoke zake."

Fyuzi aliyasema hayo akiwa amesimama, maana majigambo ya kukaa kitako hakuyaona kuwa majigambo. Aliuinua mkono wenyewe juu benchi zima liuone. Mkono laini, kucha safi kama za karani wa benki. Jina la Fyuzi alipewa hapo hapo kijiweni, kwa sababu katika kila jambo huwa wa kwanza kuungua, kabla hata umeme haujafika unakotakiwa. Sekondari alimaliza, cheti anacho, na tangu hapo elimu ya juu anaipata kwenye simu, kwa kutazama video za mafundi wa mbali wakifungua magari ya watu.

Aliyemchokoza mpaka akasimama ni redio ya Spika. Spika ni kinyozi, na benchi la kijiwe limeegemea ukuta wa kibanda chake cha kunyolea. Redio inaning'inia juu ya kioo, na kama mwenyewe, haijui kunong'ona. Mchana ule ilitangaza kwamba mheshimiwa mmoja, aliyekuwa njiani kwenda kukagua kisima kilichokauka, ameahirisha ziara kwa sababu AC ya gari lake ilikuwa inapuliza kidogo.

"Kidogo!" Spika akatoka mlangoni, kitana kimechomekwa nyweleni. "Haikufa, jamani. Inapuliza *kidogo*! Watu wanangoja maji, yeye anangoja upepo!"

"Mwacheni baba wa watu," alisema Bi Tangawizi, muuza kahawa, akiinamisha birika bila kumwaga hata tone. "Jasho la mheshimiwa ni mali ya umma. Likimwagika ovyo tutaulizwa sisi."

"Na kisima je, Bi Tangawizi?"

"Kisima kimeshakauka, kitakwenda wapi? Atakikuta pale pale kinamsubiri kwa adabu."

Kijiwe kikacheka. Asiyecheka alikuwa mmoja tu, Rivasi, dereva wa teksi. Yeye aliitwa hivyo kwa tabia yake ya kuurudisha kila mjadala ulikoanzia, hata kama watu wameshafika mbele. Alikuwa ameikodolea macho kahawa yake kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani.

"Chekeni tu," alisema. "Mheshimiwa AC ikizingua anafoka yeye. Mimi ikizingua nafokewa. Tena bora ningefokewa! Mama Bima hafoki."

Mama Bima alikuwa bosi katika ofisi ya bima, lile jengo la vioo ng'ambo ya barabara. Asubuhi Rivasi anampeleka, mchana anamzungusha kwenye mikutano, jioni anamrudisha kwake. Abiria wengine wa Rivasi walikuwa mvua za rasharasha. Mama Bima ndiye alikuwa masika. Nyumba nzima ilikunywa kutoka kwake: Rivasi, mkewe, pacha wao, na shemeji mmoja aliyekuja kukaa kwa muda, muda ambao sasa umeota ndevu. Shemeji huyo ndiye Fyuzi. Mke wa Rivasi ni dada yake wa tumbo moja.

"Kwani alisemaje?" Spika akauliza.

"Jana ameshuka, blauzi imemganda mgongoni. Akaniangalia, akasema taratibu kabisa: 'Dereva, kesho nikilowa tena, keshokutwa usijisumbue kuja.' Hiyo kesho ndiyo leo. Asubuhi nimeponea ubaridi wa alfajiri, ila saa nane anatoka kwenda mkutanoni upande wa pili wa mji."

Bi Tangawizi akaguna. "Mtu mzima asipofoka, hapo ndipo uanze kusali."

"Ndiyo hivyo. Halafu cha ajabu," Rivasi akageuka, akamtazama shemeji yake, "upepo ulikuwa unatoka vizuri. Umeanza kufifia tangu juzi, shemeji, uliponiwekea filta mpya, ile ya kuchujia vumbi kwenye hewa ya AC."

Hapo ndipo Fyuzi aliposimama na kuutangaza mkono wake, kama mlivyokwisha sikia. Akaongeza, "Filta nimeweka mimi, nimefunga mimi, nimefuta mpaka alama za vidole. Ugonjwa utafuteni kwingine kokote mnakotaka. Kwenye filta msiguse!"

"Haya, daktari," Bi Tangawizi akasema, "mgonjwa yuko pale, muda unakwenda. Kampime."

Teksi ilikuwa imeegeshwa kwenye kivuli chembamba cha ukuta, vioo vya nyuma vyeusi tii, maana Mama Bima hapendi kutazamwa. Rivasi akawasha injini na AC. Spika akaingiza kichwa, akaweka shavu kwenye tundu la upepo, akafumba macho.

"Baridi ipo," akatoa ripoti. "Ila inakuja kama pumzi ya mgonjwa anayetaka kuacha wosia."

"Gesi imekwisha!" Fyuzi akakata shauri palepale.

"Gesi ikiisha upepo unatoka wa moto, shemeji. Huu ni wa baridi. Umekuwa mchache tu."

"Basi feni ya ndani imechoka. Feni nayo ni kiumbe."

Rivasi akazungusha kitufe. Namba ya kwanza, feni ikanong'ona. Ya pili, ikaongea. Ya tatu, ikalalamika. Ya mwisho, ikapiga kelele mpaka Bi Tangawizi akaisikia kwenye birika lake.

"Iliyochoka inalia hivyo?" Rivasi akauliza.

"Feni inalia, upepo hautoki," Bi Tangawizi akasema. "Kelele nyingi, hewa kiduchu. Mbona huyo ni Spika mtupu!"

"Mimi natoa hewa, bibi wewe!"

"Unaitoa, ndiyo. Ila haijampoza mtu."

Fyuzi hakutaka mzaha uondoke na cheo chake. "Nimeshajua! Huenda kitufe cha hewa kimekaa vibaya. Gari linavuta hewa ya nje kwa shida, liambie lizungushe ya ndani." Rivasi akabonyeza. Feni ikabadili sauti kidogo, upepo ukabaki vilevile. "Basi ni majani!" Fyuzi akadakia kabla hajaulizwa. "Chini ya kioo cha mbele kuna matundu ya kuvutia hewa. Majani yameingia, yameziba. Zima gari, fungua boneti, nitawaonyesha."

Injini ikazimwa, boneti ikanyanyuliwa. Wanaume watatu wakainama, makalio yakaelekea barabarani kama watu wanaotafuta pete kisimani. Majani yalikuwepo, ni kweli. Rivasi akatoa konzi moja, akatoa na ganda la pipi.

"Haya hayazibi hata pua ya paka," alisema. Akaitazama saa yake. "Jamani, nitamwambia nini yule mama? Nimpe upepeo wa ukili ajipepee?"

Spika alikuwa anakuna kichwa kwa kitana. Kisha akajipiga paji la uso.

"Draya yangu!"

"Draya yako imefanyaje tena?"

"Mwezi uliopita draya yangu ya kukaushia nywele ilinifanyia hivi hivi. Inanguruma, mteja nywele mbichi. Nikasema mota imekufa. Kumbe wapi! Pale nyuma inapovutia hewa, nywele zimejaa zimekuwa kama zulia. Feni ilikuwa nzima, inazunguka bure tu, hewa haina pa kupita. Nikabandua zulia, ikapuliza mpaka ikataka kuondoka na mteja." Akaligonga gari. "Hapa kuna zulia mahali."

"Zulia liwe wapi," Rivasi akasema polepole, akirudi nyuma kama ada yake, "kama si kwenye filta?"

Kitu cha baridi kilimshuka Fyuzi uti wa mgongo, baridi kuliko yote iliyopata kutoka kwenye gari lile.

Nailoni.

Nyumbani kwa dada yake kulikuwa na sheria ambayo haikuhitaji kuandikwa: kitu kipya hakivuliwi nailoni. Makochi yalikuwa na nailoni tangu siku yalipoteremshwa kwenye mkokoteni, ukikalia na kaptura unabanduka kama plasta. Rimoti ilivalishwa nailoni ikafungwa na mpira. Hata saa ya ukutani walisoma majira kupitia nailoni, wakakosea dakika kadhaa, lakini saa ikabaki mpya. Aliyekivua kitu nailoni yake katika nyumba ile alionekana kama aliyemvua mtoto nguo kwenye upepo.

Basi juzi, Fyuzi alipoitoa filta mpya kwenye boksi lake, akaikuta imevikwa nailoni safi, imebana pande zote, alifanya kama alivyolelewa. Aliipapasa, akaipenda, akaichomeka na nailoni yake. Kwa upendo kabisa. Isishike vumbi.

Filta. Isishike vumbi.

"Shemeji?" Rivasi alikuwa anamtazama. "Tuifungue filta tuone?"

"Haifunguliwi!" Fyuzi akaruka. "Filta mpya kuifunguafungua ni kuitia kijicho! Hapana. Nyie endeleeni na majani, yapo mengine huko pembeni, yachimbueni. Mimi kuna waya mmoja nataka kuuangalia ndani. Peke yangu. Ule waya hautaki watu wengi."

"Waya gani huo wenye haya?" Bi Tangawizi akauliza kutoka kwenye birika lake.

"Ni wa kitaalamu, mama, hata nikikutajia utasahau."

Akazunguka upande wa abiria, akafungua mlango wa mbele, akapiga magoti chini, akaingiza kichwa chini ya dashibodi. Boneti iliyonyanyuliwa ilimtenga na wenzake kama pazia. Akavibonyeza vibanio vya ile droo ya makaratasi. Droo ikaning'inia. Nyuma yake, kifuniko. Akakivuta.

Ilikuwepo. Imetulia, mpya, inang'aa kama makochi ya dada. Nailoni ilikuwa imevutwa na feni mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma, na kale kaupepo kalikokuwa kanamfikia Mama Bima kalipenya kwenye kona moja tu iliyochanika kidogo.

"Ee Mungu wangu," Fyuzi akanong'ona mle gizani. "Ni mimi. Mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Baba, nitoe kwenye aibu hii moja tu. Dada asijue, shemeji asijue, kijiwe ndiyo kabisa kisijue. Ukinitoa, sisemi uongo tena mpaka mwisho wa wiki. Naapa. Mpaka Jumapili jioni."

Akaichana nailoni kwa meno, kwa sababu bisibisi ilikuwa na watu wa majani. Akaibandua yote, akaikunjakunja, akaisokomeza ndani ya shati, tumboni. Filta akairudisha ikiwa uchi kama ilivyozaliwa. Kifuniko, droo, vibanio. Akafuta jasho, akavaa sura ya mtu aliyetoka chumba cha upasuaji, akatoka na kuusukuma mlango kwa kisigino.

"Fungeni boneti!" akaamuru. "Shemeji, washa."

"Umefanya nini?"

"Wewe washa, maneno baadaye."

Rivasi akaingia kwenye usukani, akawasha, akazungusha kitufe mpaka namba ya mwisho. Gari likavuta pumzi. Upepo ukatoka kwa nguvu kiasi kwamba risiti za mafuta zilizokuwa juu ya dashibodi zikapaa, kofia ya Rivasi ikamtoka, na Spika, aliyekuwa ameingiza kichwa dirishani, akarudi nyuma macho yamemtoka.

"Mamaaa! Huu si upepo, huu ni msimu!"

Rivasi akacheka kicheko cha mtu aliyeopolewa mtoni. Akainua mkono kurekebisha kioo cha kutazamia nyuma, na kicheko kikakatika katikati. Fyuzi, aliyeegemea dirisha la abiria wa mbele akingoja sifa zake, alimwona shemeji yake akikaza uso, akinyoosha mgongo kama mwanafunzi, kisha taratibu akatabasamu. Tabasamu lenyewe halikuwa la kawaida. Fyuzi akalipokea kama heshima aliyocheleweshewa muda mrefu.

"Shemeji," Rivasi akasema kwa adabu ambayo hajawahi kuitumia nyumbani, "mimi nimeshinda hapa nusu siku sijaambulia kitu. Hebu tueleze, ulifanyaje?"

Nani tena angemzuia? Fyuzi akapanda ukingo wa barabara, akageukia benchi.

"Sikilizeni, hii hamtaipata kokote bure. Kuna waya wa njano. Mafundi wengi hata hawaujui. Waya huo ndio unaoiambia feni imtupie nani upepo. Sasa ulikuwa umelala. Umelala kabisa, usingizi wa mchana! Nikaushika hapa," akaonyesha kwa vidole viwili, "nikaufinya kidogo kama unavyomfinya mtoto darasani, ukashtuka. Kazi ikaisha."

"Mkono una baraka," Spika akasema, amevutiwa kweli.

Bi Tangawizi alikuwa ameinamisha sikio upande. "Fyuzi mwanangu, shati gani hilo? Kila ukinyanyua mkono linalia chakacha."

"Ni wanga, mama. Dada kalitia wanga mwingi."

"Wanga wa dada yako unalia kama karanga kwenye mfuko?"

"Turudi nyuma kidogo, shemeji," Rivasi akadakia kutoka kwenye usukani, na sasa midomo ilikuwa inamcheza. "Kwa hiyo filta hukuigusa?"

"Sijaigusa!"

"Hata kuichungulia?"

"Niichungulie ya nini? Naijua ilivyo! Mtu anachungulia kazi ya fundi mwingine. Ya kwake anaifahamu hata usingizini. Kama kuna makosa ni ya waliotengeneza gari, wanaweka waya wavivu halafu lawama tunabeba sisi. Na nawaambia tena, mbele ya Mungu na mbele ya birika la Bi Tangawizi, kazi ya mkono huu..."

Kioo cheusi cha nyuma kikaanza kushuka. Kilishuka polepole, bila haraka, kama pazia la watu wenye hela. Nyuma yake ikatokea miwani, kisha uso mpana uliotulia, kisha blauzi nyeupe, kavu kabisa, inapepea kwa baridi.

Benchi zima likasimama.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, wanangu." Mama Bima akaweka kiwiko dirishani. "Nimetoka mapema, nikakuta mmeinama wote kwenye boneti, nikasema nisiwasumbue. Nikajiingilia zangu kwa mlango wa upande wa barabara, kukimbia jua. Dereva, huu ndio upepo. Kesho asubuhi unipitie kama kawaida."

"Ahsante, mama! Ahsante sana!" Rivasi alipiga usukani kwa viganja viwili, macho yamemlowa.

Fyuzi alianza kurudi nyuma kimyakimya. Alipiga hatua moja tu, shati likalia chakacha.

"Wewe kijana," Mama Bima akamwita, bila kufoka. "Simulizi yako ni tamu, nilitaka niimalize, ndiyo maana dereva aliponiona kiooni nikamwekea kidole mdomoni anyamaze. Ila umeruka mahali. Umefika kwenye waya wa njano, hujatuambia pale ulipotafuna nailoni kama mbuzi."

Spika akaanza kucheka kwa sauti ile isiyojua kunong'ona, mpaka watu wakachungulia kutoka maduka ya jirani. Bi Tangawizi akaweka birika chini, jambo ambalo halijapata kuonekana mchana, akanyoosha mkono akavuta kilichokuwa kinachungulia kwenye kola ya Fyuzi. Nailoni ikatoka, ikazidi kutoka, na stika ya bei bado imegandia.

"Isishike vumbi!" Rivasi alikuwa analia kwa kicheko, paji la uso kwenye usukani. "Nyumba ya mke wangu hiyo! Filta, jamani! Isishike vumbi!"

"Mama," Fyuzi akajaribu, sauti imekuwa ya mtoto wa darasa la kwanza, "kwani... wewe ulikuwa nyuma tangu lini?"

"Tangu kabla ya dua, mwanangu." Kioo kikaanza kupanda. Kilipofika kidevuni mwake akakisimamisha. "Uliapa hutasema uongo mpaka Jumapili jioni. Hata mlango hujamaliza kuufunga, umeshaanza na waya wa njano. Na mimi huku nyuma nilikuonea huruma, nikaitikia amina. Sasa Mungu ataniweka kundi gani?"